Kama ufunguo ni mbovu, sukari iliingiaje?

Kidole cha kati kilikuwa bado kinauma kwa tobo la asubuhi, kwa hiyo nikachagua cha pete. Nikabonyeza, tone likajaa taratibu, nikaligusisha na stripi ya kupimia sukari kwenye damu. Mashine ikahesabu sekunde zake.

Milimoli 12.4 kwa lita.

Ilikuwa saa moja tangu nimalize kula. Nikavaa viatu, nikaanza kutembea humo humo ndani: sebuleni, koridoni, sebuleni tena. Sikukimbia. Ulikuwa mwendo wa mtu mwenye safari ambaye hajachelewa. Jasho jembamba lilitoka kwenye paji la uso, pumzi ikaongezeka kidogo, basi. Dakika 30 zilipotimia nikanawa mikono kwa sabuni, nikaikausha vizuri, nikatoboa tena.

8.6.

Nikadhani stripi imekosea. Nikarudia kwa kidole cha mkono mwingine. 8.8.

Nilifurahi, lakini furaha yenyewe haikufika jioni, maana nyuma yake lilikuja swali ambalo limenikalia kichwani kwa wiki sita. Kwa miaka minne nimekuwa nikiambiwa, nami nikiamini, kwamba mwili wangu hausikii insulini. Siku ile sikuwa nimeongeza kidonge. Sindano sijawahi kuchoma. Na bado sukari ilitoka kwenye damu.

Imekwenda wapi, na imepitia wapi?

## Ufunguo na kufuli

Picha ile tunaijua wote. Insulini ni ufunguo, seli ni nyumba, sukari iko nje inabisha hodi. Kwa mwenye kisukari aina ya 1 ufunguo haupo. Kwetu wa aina ya 2 ufunguo upo, tena wakati mwingine upo mwingi kupita kiasi, ila kufuli limeshika kutu. Nilichorewa picha hiyo kwenye karatasi siku niliyopewa majibu, na ilinisaidia. Siku kama ile mtu anahitaji kitu cha kushika.

Lakini ukiishika picha hiyo kwa dhati, haikubali kilichotokea kwenye koridoni yangu. Kufuli lenye kutu halifunguki kwa sababu mwenye nyumba amezunguka sebuleni.

Shaka yangu ya kwanza ilikuwa rahisi: labda ingeshuka yenyewe. Sukari hupanda baada ya chakula, halafu huteremka, hata kwetu, ijapokuwa polepole. Kwa hiyo nikafanya ninavyoweza kufanya mimi nisiye na maabara. Siku tatu nilikula chakula kile kile, kiasi kile kile, saa ile ile, kisha nikakaa kwenye kiti. Siku tatu nyingine nikala vivyo hivyo na kutembea. Siku za kukaa, katika ile nusu saa, sukari ilicheza kati ya kushuka kwa sehemu ndogo tu na kutoshuka kabisa; siku moja ilipanda. Siku za kutembea ilishuka zote tatu, si chini ya milimoli 2.5 kila mara.

Siku sita za mtu mmoja hazithibitishi kitu kwa mwingine. Kwangu zilitosha kuniondolea wazo la bahati.

Shaka ya pili ilikuwa nzito zaidi. Nikasema: pengine kutembea kunaamsha kongosho, linamwaga insulini nyingi, na wingi huo ndio unaolisukuma kufuli mpaka linaachia. Ilikuwa na mantiki. Nilikaa nayo karibu wiki nzima, hata nilishamweleza mtu mmoja kwa kujiamini.

Ni kinyume kabisa. Mwili ukianza kazi, mishipa ya fahamu na adrenalini huliambia kongosho lipunguze insulini. Kwa kawaida kiwango chake katika damu hushuka wakati wa mazoezi.

Insulini inashuka, na sukari inaingia kwenye misuli zaidi.

Niliisoma sentensi hiyo mara tatu, kisha nikafunga kompyuta. Kila nilichokuwa nimejenga juu ya ile picha ya ufunguo kilikuwa kimelegea.

## Farasi anayetafuna

Jambo lenyewe ni la zamani kuliko insulini. Mwaka 1887, Ufaransa, watafiti Chauveau na Kaufmann walipima damu inayoingia na inayotoka kwenye msuli wa taya la farasi. Farasi akiwa ametulia, tofauti ya sukari kati ya damu ya kuingia na ya kutoka ilikuwa ndogo. Alipoanza kutafuna majani makavu, msuli ukawa unachukua sukari nyingi zaidi.

Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921. Kwa hiyo miaka 34 kabla ya mtu yeyote kuushika huo ufunguo mkononi, ilikwisha kuonekana kwamba msuli unaofanya kazi hujivutia sukari wenyewe. Sijui kwa nini hili halimo kwenye ile karatasi tunayochorewa. Ningeliweka mstari wa kwanza.

## Mguu mmoja

Kilichonigeuza hasa ni majaribio ya Copenhagen, yale ya mguu mmoja.

Mtu anakaa kwenye baiskeli ya maabara, anakanyaga kwa mguu mmoja tu. Mwingine umepumzika. Baadaye anatiwa insulini kwenye mshipa kwa kipimo kinachojulikana, na watafiti wanachukua damu ya ateri, yaani inayoingia mguuni, na damu ya vena ya kila mguu, yaani inayotoka. Tofauti ya sukari, ukiizidisha kwa kasi ya damu, inakwambia kila mguu umechukua kiasi gani.

Ebu tulia kidogo ufikirie anayekaa pale. Moyo ni mmoja. Kongosho ni moja. Chakula alichokula ni kimoja, na insulini inayofika kulia ndiyo ile ile inayofika kushoto. Kama usugu wa insulini ungekuwa sifa ya mtu, kama vile urefu au rangi ya macho, miguu yote miwili ingechukua sawasawa.

Haikuchukua sawasawa. Mguu uliofanya kazi ulichukua zaidi.

Katika miaka ya 1990 walirudia jambo hilo kwa watu wenye kisukari aina ya 2. Walizoezwa mguu mmoja kwa wiki 10. Mwishoni, mguu uliozoezwa ulikuwa unaitikia insulini vizuri kuliko pacha wake aliyekuwa akining'inia pembeni. Mtu mmoja, ugonjwa mmoja, miguu miwili yenye tabia mbili.

Nilipofika hapo nilijitazama mapaja. Kwa miaka minne nimesema "mimi ni sugu kwa insulini" kana kwamba ni jina langu la ukoo. Kumbe sehemu kubwa ya usugu huo ina anwani. Unakaa ndani ya msuli huu na msuli ule, na unasikiliza kazi ambayo msuli wenyewe umefanya jana na juzi. Na misuli ndiyo penyewe: vipimo vya maabara vinavyotumia insulini vinaonyesha kwamba takriban asilimia 80 ya sukari inayoondolewa kwenye damu wakati huo huingia kwenye misuli ya mwili.

## Milango hubebwa

Sasa ile picha. Kosa lake liko kwenye mlango kuliko kwenye ufunguo.

Tunadhani mlango uko ukutani tayari, umefungwa, unangoja. Haupo. Seli ya msuli ikiwa imepumzika, utando wake wa nje una milango michache sana ya sukari. Milango mingi imehifadhiwa ndani, kwenye vifuko vidogo mno, mbali na ukuta. Mlango wenyewe ni protini iitwayo GLUT4, iliyotambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Ili sukari iingie, vifuko lazima visafiri mpaka ukutani, vijishikize, na milango ijitokeze nje. Kazi ikiisha, milango hurudishwa ndani.

Kwa hiyo insulini haifungui kitu. Insulini hutuma ujumbe: leteni milango.

Ujumbe huo hupita mikono mingi. Insulini inashika kipokezi nje ya seli, kipokezi kinaamsha protini ya jirani, nayo inaamsha nyingine, mpaka habari inafika kwenye vifuko. Katika kisukari aina ya 2 ujumbe hupotea mapema, kwenye mikono ya kwanza kwanza. Milango yenyewe haijapungua sana. Watafiti waliohesabu GLUT4 kwenye misuli ya watu kama mimi waliikuta karibu kama ya watu wengine.

Ipo. Haijaitwa.

Na msuli unapojikunja kuna waitaji wengine. Kila mkunjo huanza na kalsiamu inayomwagwa ndani ya seli. Kazi ikiendelea akiba ya nguvu inapungua, na kimeng'enya kiitwacho AMPK, ambacho kazi yake ni kuhisi upungufu huo, kinaamka. Hata ule mvutano wa nyuzi za msuli una sauti yake. Ujumbe wa hawa haupiti kwenye ile mikono ya insulini iliyolegea. Una njia yake, na unakutana na njia ya insulini karibu na mwisho, jirani na vifuko vyenyewe.

Mwaka 1999 watafiti wa Boston walichukua vipande vidogo vya msuli wa paja kabla na baada ya watu kuendesha baiskeli kwa karibu saa moja. Wengine hawakuwa na kisukari, wengine walikuwa na aina ya 2. Kwa makundi yote mawili GLUT4 iliyofika kwenye utando wa nje iliongezeka kwa zaidi ya asilimia 70.

Makundi yote mawili, karibu sawa.

Nimeishi na ugonjwa huu kwa muda wa kutosha kujua jinsi inavyokuwa kukaa upande mbaya wa kila jedwali. Hapa kuna safu moja ambayo mwili wangu umefanya kama wa jirani yangu mzima. Niliinuka nikatembea tena usiku ule, bila kupima chochote.

Kuna mengine mawili yanayotendeka sambamba na hayo. Damu inayokwenda kwenye msuli unaofanya kazi huongezeka sana, inaweza kufika mara 20 ya ile ya mapumziko, kwa hiyo sukari inayopita mlangoni ni nyingi. Kisha sukari ikiingia tu, kimeng'enya kingine kinaibandika fosfati, na ikishabandikwa haiwezi kutoka. Ini lina uwezo wa kuibandua na kuirudisha kwenye damu. Msuli hauna. Kilichoingia kwenye msuli ni cha msuli, ama kitachomwa ama kitawekwa akiba kama glikojeni.

Akiba hiyo si ndogo. Misuli ya mtu mzima inaweza kuhifadhi gramu 400 hivi za glikojeni, ini kama gramu 100. Damu yote, sukari ikiwa ya kawaida, ina gramu 5 hivi tu. Ile 12.4 yangu, kwa lita 5 za damu, ni kama gramu 11. Wingi unaotutisha namna ile kwenye mashine ni mdogo sana mbele ya ghala lililo mapajani.

## Siku iliyopanda

Ningemaliza hapo, makala ingekuwa nzuri na ya uongo.

Wiki ya tatu, asubuhi moja kabla ya kula, nilipima nikapata 7.2. Nikajiambia: kama mwendo wa kawaida unashusha, ngazi zitashusha maradufu. Nikapanda na kushuka ngazi mbio kwa dakika 12, mpaka moyo ukanipiga masikioni. Nikapima.

9.3.

Niliketi kwenye ngazi ya chini nikiwa na stripi mkononi. Nilihisi kama nimedanganywa, na sikujua na nani. Wiki tatu za kusoma, siku sita za kupima kwa utaratibu, na sasa hii.

Jibu liko kwenye ini. Mwili ukiona kazi ni kali na ya ghafla, humwaga adrenalini nyingi, na adrenalini huliamuru ini litoe sukari kwenye ghala lake mara moja. Misuli ilikuwa inachukua kwa bidii, hilo halikubadilika. Ila ini lilikuwa linamimina kuliko misuli ilivyochota. Kwa mtu asiye na kisukari, juhudi zikikoma kongosho hurusha insulini na hesabu inasawazishwa upesi. Kwetu usawazishaji huo ni mzito. Ongeza na saa yenyewe: alfajiri na asubuhi homoni zinazopandisha sukari huwa tayari ziko juu.

Nilipima tena baada ya saa mbili, nikiwa sijala bado: 6.7.

Kama ningeiweka mashine kabatini baada ya ile 9.3, ningeondoka na fundisho la uongo kwamba ngazi ni sumu. Mashine inaonyesha kilichomo kwenye damu kwa dakika ile. Haionyeshi kinachoingia wala kinachotoka. Siku nyingine namba inapanda huku misuli ikichukua kuliko kawaida, na huwezi kuliona hilo kwenye kioo kidogo cha mashine.

## Simu kwa dada

Nina dada, mtoto wa mama mkubwa, mwenye kisukari aina ya 1 tangu akiwa na miaka 11. Nilipokuwa nimejaa furaha ya GLUT4 nilimpigia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Nimetoka kutembea. Dada, unajua misuli ikifanya kazi haihitaji insulini?"

Akanyamaza. Namjua, akinyamaza hivyo anapanga maneno.

"Mdogo wangu," akasema, "usije ukaliandika hilo hivyo. Kuna mtu atalisoma ataacha sindano."

Kisha akanisimulia jambo ambalo miaka yote hii hakuwahi kunieleza. Alipokuwa na miaka 16 alichoka. Aliruka sindano siku moja na nusu, sukari ikafika 19, na badala ya kumwambia mtu akaenda kucheza mpira wa wavu ili aishushe. Aliamini jasho litaitoa. Alitapika pembeni ya uwanja, na usiku huo alikuwa amelazwa, dripu mkononi.

Insulini inapokosekana kabisa, ini halina wa kulizuia. Linamwaga sukari bila kikomo. Mafuta ya mwili yanavunjwa ovyo, asidi zinazoitwa ketoni zinajaa kwenye damu. Ukiongeza mazoezi juu yake, unaongeza homoni zile zile zinazolisukuma ini. Milango ya misuli inaitwa, ndiyo, lakini gharika ni kubwa kuliko milango. Ndiyo maana watu wa aina ya 1 huambiwa: sukari ikipita 13.9, pima ketoni kwanza. Zikiwa juu, usifanye mazoezi, tibu hilo kabla ya lingine.

Kwa hiyo msuli unaweza kuita milango bila insulini. Mwili hauwezi kukaa bila insulini. Nilikuwa nimeyachanganya hayo mawili, na namshukuru aliyenizuia.

Hatari yake ya kila siku, alisema, iko upande wa pili. Ya kushuka.

"Wewe ukitembea, kongosho lako linapunguza insulini lenyewe. Yangu iko kwenye sindano. Ikishaingia, huwezi kuiita irudi."

Insulini aliyochoma inaita milango. Misuli nayo inaita milango. Waitaji wawili kwa wakati mmoja, ini limebanwa na ile insulini lisitoe akiba yake, na sukari inaporomoka. R. D. Lawrence, daktari wa London ambaye mwenyewe alikuwa na kisukari, alilionyesha hilo mwaka 1926, miaka michache tu baada ya insulini kuanza kutumika: kipimo kile kile cha insulini kilishusha sukari zaidi mtu akifanya mazoezi. Na ukichoma pajani kisha ukaenda kukimbia, damu inayozidi mguuni huifanya insulini inyonywe haraka zaidi. Dada huchoma tumboni siku za mazoezi.

Ana mbinu nyingine iliyonipendeza, kwa sababu inatumia kile kilichonitia uchungu kwenye ngazi. Akiona sukari inaelekea chini mwishoni mwa mazoezi, anakimbia kwa nguvu zake zote sekunde 10. Adrenalini inapanda, ini linatoa kidogo, mteremko unapungua kwa muda. Hilo limepimwa na watafiti, na yeye amelipima mwilini mwake. Haliondoi haja ya kubeba kitu cha sukari mfukoni. Ikifika chini ya 3.9 anakula gramu 15 za sukari inayoingia haraka, anangoja dakika 15, anapima tena.

Nilimuuliza kama na mimi niogope. Akaniuliza natumia nini. Metformini, kidonge ninachotumia, peke yake kwa kawaida haishushi sukari kupita kiasi. Ila wapo wenzetu wa aina ya 2 wanaotumia vidonge vya kundi la sulfonilurea, vinavyolibana kongosho litoe insulini hata isipohitajika, au wanaochoma insulini. Hao wako karibu na dada kuliko walivyo karibu na mimi, na wazungumze na daktari wao kabla ya kuongeza mwendo.

## Jasho likishakauka

Kuna sehemu ya jambo hili ambayo haionekani mtu akiwa bado anahema.

Milango ile iliyoitwa na mkunjo hurudi ndani saa chache baada ya kutulia. Lakini msuli haurudi ulivyokuwa. Umetumia glikojeni, unataka kujaza ghala, na kwa muda fulani unaisikia insulini vizuri kuliko kabla. Insulini kidogo inaleta milango mingi. Hali hiyo hudumu kati ya saa 24 na saa 72 hivi, kutegemea umefanya nini na kwa muda gani, kisha inafifia.

Hapo ndipo nilipoelewa ushauri niliokuwa nikiusikia kama kelele: dakika 150 kwa wiki, na usipitishe zaidi ya siku mbili mfululizo bila kufanya. Sehemu ya dakika niliijua. Hiyo ya siku mbili nilidhani ni ya kututia nidhamu. Kumbe ni muda wa msuli kusahau.

Na husahau haraka. Mwaka jana niliugua nikalala wiki mbili. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko vyote nilivyowahi kupata, nikajilaumu kwa chakula. Sehemu ilikuwa homa yenyewe, maana maambukizi hupandisha sukari. Lakini kulala tu, hata kwa mtu mzima wa afya, hupunguza usikivu wa misuli kwa insulini ndani ya siku chache. Miguu yangu haikuwa imefanya kazi siku 14. Nilikuwa nimeitafuta sababu kwenye sahani peke yake.

Nimebadilisha saa. Zamani nilitembea nusu saa wakati wowote nilipopata nafasi, mara nyingi nisipate. Sasa natembea dakika 10 baada ya kila mlo. Utafiti wa New Zealand uliochapishwa mwaka 2016 uliwalinganisha watu wa aina ya 2 kwa namna hizo mbili, dakika 10 baada ya kila mlo dhidi ya dakika 30 wakati wowote, na sukari ya baada ya chakula ilikuwa chini kwa asilimia 12 kwa kutembea baada ya mlo. Tofauti kubwa zaidi ilikuwa ya mlo wa jioni. Inaeleweka: milango inaitwa wakati ule ule sukari inapofika.

Mara mbili kwa wiki nafanya mazoezi ya uzito, kuchuchumaa na kusukuma ukuta, kwa sababu msuli mkubwa ni ghala kubwa. Macho yangu yalipimwa kwanza. Mwenye mishipa iliyoharibika nyuma ya jicho hafai kujikamua na vitu vizito bila kuuliza. Miguu naikagua kila jioni, nyayo na katikati ya vidole, maana ganzi ikianza mtu anaweza kutembea na kidonda asijue.

Siku hizi natembea tofauti. Nilizoea kutembea kama mtu anayelipa faini: nimekula, basi nijiadhibu. Kila hatua ilikuwa ya kuomba radhi kwa mwili ambao niliamini umeharibika wote. Sasa nikiwa koridoni nafikiria kalsiamu inavyomwagika na vifuko vinavyosogea, maelfu kwa maelfu, kwenye paja la kulia na la kushoto. Kuna kitu ndani yangu bado kinaitika.

## Saa tisa usiku

Juzi dada alinipigia. Alikuwa ametembea saa kumi jioni, dakika 40, mara ya kwanza kwa mwezi mzima, kwa sababu ya maneno yangu. Kipimo cha insulini alikuwa amekipunguza walivyokubaliana na daktari wake. Hata hivyo sikutulia. Nilikuwa nimesoma kwamba kwa vijana wa aina ya 1 waliofanya mazoezi saa kumi jioni, mahitaji ya sukari yalipanda mara mbili: mara ya kwanza wakati wa mazoezi na muda mfupi baadaye, kisha tena kati ya saa 7 na saa 11 baada ya mazoezi. Nikahesabu kwa vidole. Karibu saa sita usiku mpaka karibu saa kumi alfajiri.

"Weka kengele," nikamwambia. "Pima saa tisa, unitumie."

"Mdogo wangu, mimi nimechoma sindano kabla wewe hujajua kusoma."

"Najua, dada. Nitumie tu."

Sikulala vizuri. Saa tisa na dakika nne simu ikatetemeka chini ya mto.

"6.1. Lala sasa."